Fua Shati

Alirudi kifua wazi, shati mkononi linachuruzika maji juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki, akasimama mbele yangu kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

"Nimefua, sista."

Mimi nilikuwa nimemwambia avue. Kaka, vua shati nisikilize kifua: ndivyo nilivyosema, kwa Kiswahili changu cha Songea ambacho sikuwahi kukitilia shaka. Yeye akachukua sabuni kwenye beseni letu la kunawia, akatoka hadi kwenye tangi la maji, akalifua shati lile mpaka kola. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo sabuni ukiiona dukani unamwita jirani aje kuitazama. Kipande kile kilikuwa cha zahanati nzima, na alichonirudishia kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu.

"Wewe una akili kweli?"

"Hata mimi nilishangaa," akasema. "Nikajua labda sista hapendi wachafu."

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Ndivyo nilivyompata Basili, dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, upande wa Basotu. Nilipomsikiliza kifua, kilikuwa kimejaa vumbi la makapi.

Kiiraqw, lugha ya kwao Basili, hakina V. Wenyewe wakiikuta kwenye Kiswahili wanaigeuza F, na masikio yao nayo yanaisikia hivyohivyo. Kwa hiyo mimi, Genoveva binti Urban, niliolewa na mtu aliyeniita Genofefa hadi mwisho. Jumapili baada ya misa aliaga kwamba anakwenda ziwani kufua samaki, nami namkimbilia mlangoni: "Baba Thadei, umesahau sabuni!" Hakununa hata siku moja. Aliniambia tu kwamba mimi Kiiraqw chote ninachokijua ni salamu na ugali, na hiyo salamu yenyewe naikosea.

Wakati wa mavuno alirudi mweupe kwa vumbi, kuanzia kope hadi viatu, na koti lake zito la kazi limejaa punje. Wanetu, Thadei na Letisia, walimvamia kabla hajakaa, wakazamisha mikono mifukoni, wakatafuna ngano mbichi mpaka ikawa bigijii. Kisha aliwaogesha. Yeye mwenyewe, uani, mchana kweupe, huku akiwaimbia. Wanaume wenzake kambini walisema Basili kaolewa na nesi. "Ndiyo," aliwajibu, "na ananitunza vizuri." Nilimpenda mtu yule. Sina njia nyingine ya kulisema hilo.

Kwao Bashay ndiko nilikokuwa sipumui. Siku aliyonipeleka mara ya kwanza nilipiga magoti, nikasema shikamoo mama. Mama yake akanitazama viganja, mbele na nyuma, akasema maneno marefu kwelikweli.

"Anasemaje?" nikamnong'oneza Basili.

"Anasema karibu."

"Maneno yote hayo, karibu tu?"

Basili akakuna kichwa. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, na bado kwa mama mkwe nilikuwa Mswahili. Si kwa matusi. Aliniwekea nyama nzuri, akanitandikia ngozi laini, kama anavyofanyiwa mgeni ambaye kesho anaondoka. Jina langu hakulitamka.

Kisha masika moja kile kifua kilirudi. Safari hii sikuwa na la kucheka. Nilikisikiliza mwenyewe, asubuhi na jioni, na nilijua ninachokisikia kabla daktari wa Katesh hajaniambia. Basili akaniuliza, "Genofefa, kunasemaje humo ndani?" Nikamwambia kunasema vizuri. Akanishika mkono, akaniacha na uongo wangu.

Tulimzika Bashay, kwa baba zake. Baridi ya kule inauma, nami nikavaa koti lake la kazi juu ya khanga nyeusi, likinuka dizeli na makapi. Sikulivua. Nililala nalo, nikapokea pole nalo, nikashika sufuria nalo. Wanawake walinitazama kwa huruma, halafu wakanitazama kwa wasiwasi.

Akonaay, kaka mkubwa wa marehemu, akanijia nikiwa jikoni. "Shemeji, msiba ukiisha tutakaa kikao. Kuhusu watoto."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Kazi nilikuwa nayo, ya kula nisingekosa. Lakini watoto ni wa ukoo wa baba, hilo kila mtu pale alilijua. Nilijiona kwenye basi la kwenda Songea peke yangu, na lile koti. Usingizi ukaniisha.

Asubuhi ya kumaliza msiba nilikuwa nimekaa nje, watoto wamejibana kwangu kila mmoja upande wake. Mama mkwe akatoka nyumbani, polepole, akasimama mbele yangu.

"Genofefa," akasema.

Nikainua kichwa. Ilikuwa sauti ya kizee, lakini jina lilikuwa lilelile, na F zake mbili.

"Genofefa. Fua koti."

Nikamtazama. Alitaka nivue, au alitaka nifue? Nilianza kucheka, katikati ya msiba, mbele ya wakwe, machozi yananitoka na kamasi juu. Mama mkwe hakuuliza ninacheka nini. Akafungua kona ya khanga yake, akatoa kipande cha sabuni ya mche, akanishikisha.

Basi nikafanya yote mawili. Nililivua, nikaliweka kwenye beseni. Punje zikaelea kutoka mifukoni, na Letisia akaziokota, akamgawia kaka yake. Mama mkwe akachuchumaa, akashika mkono mmoja wa koti, mimi nikashika mwingine, tukakamua. Alikuwa na nguvu bibi yule! Tulipolianika kwenye ua wake, akamwita Akonaay, akamwambia maneno marefu huku akinyoosha kidole kwa watoto, kwa nyumba, na kwangu.

"Anasemaje, shemeji?"

Akonaay akakuna kichwa vilevile kama mdogo wake. "Anasema karibu."

"Maneno yote hayo?"

"Na kwamba kikao hakipo. Watoto wana mama yao, na mama yao ana kwake hapa."

Mama mkwe hakungoja tumalize. Alikuwa ameshaokota ile sabuni iliyobaki, anaipangusa maji kwa kidole. Akaivuta khanga yangu, akaifunga sabuni kwenye kona.