Kimya cha Abwola

Abwola hakumpenda Afande Ocaya, Afande Ocaya hakumpenda Abwola, na kwaya nzima ilijua.

Ugomvi ulianzia kwenye kimya. Abwola alikuwa ametunga muziki wa shairi la Kigiriki cha kale, la mwanamke anayemwita mpenzi aliyemtoroka. Karatasi ya shairi hilo ilichanika tangu enzi na enzi, yakabaki maneno machache tu: njoo, mikono yangu, baridi. Kila palipochanika, Abwola aliandika kimya. Waimbaji wanyamaze, kisha waendelee. Utamu wote wa kazi yake ulikuwa humo, na ndiyo mara ya kwanza kazi yake kuimbwa mbele za watu.

Ocaya aliongoza bendi ya polisi mpaka alipostaafu. Sasa aliongoza kwaya ya kambi ya polisi ya Nsambya, na penye kimya aliweka ngoma.

"Ondoa ngoma, Afande."

"Weye mutoto ya askari Ogwal, bendi hainyamazi. Ikinyamaza, watu nasema mutu amekufa."

"Ndiyo! Huyo mwanamke amekufa! Miaka zaidi ya elfu mbili!"

"Basi muache alale. Unamusumbua ya nini?"

Kwaya ikaangua kicheko. Abwola akatoka amefura kwa hasira. Zee lile, kichwa kigumu kama gogo la mvule!

Siku ya onyesho Abwola aliingia stoo ya ukumbi, akavichukua vijiti vya ngoma na kuvitia mkobani. Dawa ya moto ni moto. Akaketi mstari wa mbele, kando ya mama yake, Florence.

Kwaya ikaimba "njoo", ikanyamaza. Ocaya akamgeukia mpiga ngoma, naye akamwonyesha mikono mitupu. Mzee akamtupia Abwola jicho, akaelewa. Kimya kikatanda ukumbini, kitamu kuliko alivyokiota, na Abwola akaanza kutabasamu.

Ndipo Ocaya akapiga buti sakafuni. Kushoto. Kulia. Kushoto. Waimbaji, wote waliolelewa kambini kama Abwola, wakafuata. Wakafuata na wasikilizaji: maaskari, wake zao, wajane wao. Madirisha yakatetemeka.

Abwola alitaka kuinuka apige kelele. Mama yake akamgusa paja, akamwonyesha chini kwa kidole.

Miguu yake mwenyewe ilikuwa ikipiga, kushoto, kulia, sawia na ya wenzake. Akayakamata magoti kwa mikono miwili, akayakandamiza kwa nguvu zake zote. Miguu haikusimama.