Fito ya Yunia

Kwenye shamba letu la chai, upande wa Litein, kila mchumaji alikuwa na fito yake. Kazi ya fito ni rahisi kueleza. Unailaza juu ya mashina, na majani yaliyochomoza juu yake ndiyo unayochuma. Yaliyo chini unayaacha yakue. Nyapara wa zamani, ambaye mimi sikumkuta, aliweka utaratibu uliodumu hata baada yake. Siku mtu alipoandikwa kazi alisimamishwa ukutani, na fito yake ikakatwa sawasawa na kimo chake, toka unyayo hadi utosi. Kwa njia hiyo hakuna aliyeweza kuiba fito ya mwenzake. Waliogombania fito walisimamishwa tu wakapimwa.

Yunia alikatiwa ya kwake mwaka 1950, alipofika kutoka Kisii na watoto wanne na sufuria mbili. Siku hiyohiyo alikatiwa Jerusa, aliyetoka upande wa ziwa. Wakapewa mistari inayopakana, na kwa miaka kumi na minane walichuma bega kwa bega wakibishana. Walibishana juu ya kupika kunde, na kama jogoo anajua siku ya Jumapili. Nadhani hakuna ubishi wao hata mmoja uliokwisha.

Mimi niliwakuta huko nilipoajiriwa kuhudumia zahanati ya shamba. Watu waliniita daktari, ingawa nilikuwa mfunga vidonda tu. Daktari mwenyewe alikuja mara moja kwa mwezi, na mwaka 1968 aliniachia neno moja. Alisema wanawake waliovuka umri wa kuzaa huanza kupoteza nguvu ya mifupa, polepole, bila maumivu. Mtu hupungua kimo, mgongo huinama, na siku anateleza kidogo tu, mkono unavunjika.

"Pima kimo chao," akaniambia.

"Nitajuaje walikuwa na kimo gani zamani?"

Akapanda gari lake akaenda. Nilikaa nikifikiri mpaka jioni, ndipo nikakumbuka zile fito.

Wiki hiyohiyo Owino, nyapara wetu, alinijia akiwa amevua kofia. Owino hakuwa mtu mbaya. Alisema Yunia anaacha majani mengi katikati ya mashina kwa sababu hayafikii, maana chai imempanda hadi kifuani. Itabidi amtoe kwenye mstari wake, akafagie banda la kupimia majani.

"Na sipendi," akasema. "Nikimtoa Yunia, Jerusa ataongea na nani? Ataongea na mimi."

Nikamwomba asubiri kidogo.

Jumamosi asubuhi niliwaita wanawake waje na fito zao ukutani kwa zahanati. Kemuma, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa sawa na fito yake. Mellen, mwenye thelathini, sawa. Fito ya Jerusa ilimpita kidole kimoja. Ya Yunia ilimpita vidole vitatu, na nilipima mara mbili.

"Fito imekua," Yunia akasema.

Nilidhani anatania. "Mama, fito ni mti uliokatwa."

"Daktari, umekaa Kericho miaka mingapi?"

"Saba."

"Na ukichimbia nguzo ya ua hapa, inafanya nini?"

Swali lilikuwa gumu. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ua wa zahanati, uliojengwa kwa nguzo zilizokatwa, ulikuwa na nguzo tatu zenye matawi. Katika moja ndege walikuwa wamejenga kiota.

"Inachipua," nikakubali.

"Haya."

"Lakini fito yako haiko ardhini."

"Nailaza juu ya chai kila siku, na chai inakua kila siku. Wewe ndiwe unajua mambo ya kuambukizana."

Mellen akauliza kwa nini ya kwake haijakua.

"Yako ina miaka mitatu tu," Yunia akamwambia kwa upole. "Wacha haraka."

Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa imegawanyika. Waliosema fito imekua walikuwa wengi, na walikuwa na hoja, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na nguzo yake iliyochipua. Nikaona kubishana hakutasaidia. Nikapendekeza tuichimbie ile fito kando ya zahanati kwa wiki nne. Ikikua, Yunia abaki kwenye mstari wake na Owino asiseme neno. Isipokua, Yunia anisikilize habari ya mifupa. Wote wawili wakakubali. Nikakata kamba ya katani yenye urefu sawa na fito, nikaifungia ndani ya kabati la dawa.

Yunia alikuwa akiimwagilia kila asubuhi, ingawa mvua iliimwagilia kila alasiri. Akaiwekea mbolea ya ng'ombe. Jerusa naye alipita kila siku akaisalimu, akaiuliza imelalaje.

"Na wewe unaamini itakua?" nikamuuliza siku moja.

"Hapana. Mti uliokatwa haukui, hata mtoto anajua." Akaangalia kama Yunia yuko karibu. "Lakini akihamishwa, nitaletewa mtu mwingine pale. Nianze kumweleza mambo yangu toka mwanzo? Nina miaka hamsini na miwili, daktari. Sitamaliza."

Watu walikuja wengi kuitazama fito, na walipokuwa wamesimama hapo bila kazi, niliona ni nafasi nzuri ya kuwaeleza kile daktari alichoniambia. Nilisema mifupa hujengwa ujanani, karibu hadi miaka thelathini, na baada ya hapo mtu anatumia alichojiwekea. Nilisema maziwa yanasaidia, na mboga za majani, na omena, wale dagaa wa ziwani wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Nilisema kutembea na kubeba mzigo wa kadiri kunaipa mifupa nguvu, na jua pia, siku tunapoliona.

"Kwa hiyo mimi bado najiwekea?" akauliza Kemuma.

"Bado."

Tangu hapo Kemuma alikunywa maziwa lala, ya mgando, kila asubuhi mlangoni pake, na kila aliyepita alimwambia, "Najiwekea," hata kama hajaulizwa.

Yunia alisikiliza yote akiwa ameshika kopo la maji. "Omena sili," akasema. "Wana macho."

"Miaka kumi na minane ananiambia hivyo," Jerusa akasema. "Na mbuzi hana macho?"

"Mbuzi hanitazami kutoka kwenye sahani."

Jumamosi ya nne tukaing'oa fito mbele ya watu wote. Nikaleta kamba, nikailaza kando yake. Zilikuwa sawa kabisa.

Yunia akaitazama kamba kwa muda. "Hiyo kamba ni ya nini?"

"Katani."

"Na katani si mmea?"

Owino akatafuta jiwe akakaa.

"Inawezekana fito imekua, na kamba nayo imekua," Yunia akaendelea. Akaisimamisha fito mbele yake, akaiegemea kwa mikono miwili kama mtu anayeanza hotuba. "Sasa mnisikilize vizuri."

Fito ikakatika. Yunia akaenda mbele, na angeanguka kifudifudi kwenye ngazi ya zahanati, ambayo ni ya mawe, kama Jerusa hangemdaka kiunoni. Wakarudi nyuma pamoja wakaketi kwenye mbolea.

Aliyeanza kucheka sikumwona. Nilipohakikisha hakuna aliyeumia, niliokota vile vipande viwili. Nje fito ilikuwa nzuri, imeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Ndani mchwa walikuwa wamekula wakajenga vyumba, na kilichobaki kilikuwa matundu matundu. Nikampelekea Yunia palepale alipoketi, akatia kidole ndani. Kicheko kikapungua.

"Na nje ilikuwa sawa," akasema.

"Ilikuwa sawa."

"Haikulia hata siku moja."

"Haikulia."

Akakitoa kidole. "Ndiyo mimi nilivyo ndani?"

"Sijui, mama. Siwezi kuona ndani ya mtu, na wewe huna mchwa. Lakini umepungua vidole vitatu, na ungefika kwenye yale mawe, pengine sasa ningekuwa nafunga mkono wako. Kilichopungua hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukitunza."

Jerusa, aliyekuwa bado amemshika kiunoni, akahesabu kwa vidole. "Wewe vitatu, mimi kimoja. Tukichanga na kugawana, ni viwili kwa viwili. Nyapara, andika hivyo."

"Niandike wapi?" akauliza Owino.

"Penye unaandika mambo yako. Tumepungua sawa. Ukimhamisha mmoja, umewahamisha wote."

Hiyo ndiyo siku nilipomwona Owino akifikiri mbele za watu. Akazunguka zahanati mara moja, akarudi. Akasema sehemu ya nne ilipogolewa mwaka jana, na chai yake haijafika hata kiunoni. Ni mbali, watu hawapendi kwenda huko. Anaweza kuweka wachumaji wawili, mistari inayopakana.

"Na chai ikipanda tena?" Yunia akauliza.

"Itapogolewa tena."

"Na mimi?"

"Wewe utakula omena," Jerusa akasema.

Yunia aliwala kesho yake, Jumapili, nyumbani kwa Jerusa, mimi nikiwa shahidi. Alianza kwa kuwatoa macho mmoja mmoja kwa ncha ya kijiti, na hiyo ilichukua karibu saa nzima. Kisha akala wote, akasema kunde zingekuwa tamu kuliko hao, lakini si kunde zinazopikwa na Jerusa. Ubishi ukaanza upya, nikaaga.

Jumatatu Owino alinipa mti mnyoofu nimkatie Yunia fito mpya. Nikamsimamisha ukutani. Akajiinua kwa vidole vya miguu. Nilisubiri mpaka visigino viliposhuka, nikaweka alama.

Kila mwaka mpya nilimpima. Omena alikula, na alitembea hadi sehemu ya nne na kurudi, akibishana njia nzima. Mwaka wa tatu nilisimamisha fito kando yake na kulaza mkono juu. Ulitulia sawasawa, juu ya fito na juu ya kitambaa chake cha kichwa. Nikamwambia hajapungua hata kidogo.

Yunia akaitazama ile fito toka chini hadi juu.

"Hii ni mvivu," akasema. "Haikui."