Supu ya Mwani Wiki ya Mtihani

Kila alfajiri Bang Mi-ok aliegemeza simu yake kwenye chupa ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, akaiinamisha kamera itazame meza, kisha akaketi kusoma mbele ya watu asiowajua.

Watu hao hawakuwa na nyuso. Kioo cha simu kiligawanyika vijidirisha, na katika kila kidirisha palikuwa na meza, kitabu na mikono miwili. Ndivyo chumba hicho cha mtandaoni kilivyoendeshwa: mikono tu, sauti imezimwa, hakuna majina ya kweli, hakuna kuulizana unaishi wapi. Unaingia, unasoma, na ukisinzia wenzako wanaiona kalamu yako imelala. Wakati wa mapumziko ruksa kuandikiana. Wote walikuwa wakijiandaa kwa mtihani mmoja wa taifa, wa leseni ya wataalamu wa lishe, ambao hufanyika mara moja kwa mwaka, Desemba, kwenye baridi ya kukata masikio.

Aliyemwingiza humo ni binti yake, Sae-rom, aliyechoka kumwona mama yake akihangaika na ukurasa mmoja jioni nzima huku kila mara akiinuka kufunua sufuria.

"Mama, wewe hushindwi kusoma, unashindwa kukaa," Sae-rom alimwambia. "Kaa mbele ya watu. Utaona aibu kuinuka."

"Watu gani? Mikono?"

"Hiyo hiyo mikono. Utaona."

Mi-ok alikuwa na stashahada ya lishe aliyoipata kabla ya kuolewa, ikaishia kabatini pamoja na vyombo vya harusi. Miaka yote hiyo alipika katika jiko la shule moja ya msingi mjini Gunsan, chini ya wataalamu wenye leseni, wengine umri wa binti yake. Hakuwa na kinyongo nao. Alitaka tu na yeye siku moja aamue watoto wale nini, badala ya kupewa karatasi na kuambiwa pika.

Siku ya kwanza alijiandikisha kwa jina la Sufuria, akaweka simu vibaya, na chumba kizima kikasoma mbele ya kidevu chake. Kiongozi wa chumba, mwanamume mwenye vidole vinene vyenye manyoya, alijiita Paka Mvivu ingawa hakuwa na uvivu wowote. Aliandika mbele ya wote: "Sufuria, funika."

Mi-ok hakuelewa. Hapo ndipo ujumbe wa faragha ulipomfikia kutoka kwa mtu aitwaye Figili.

"Dada Sufuria, inamisha simu. Bado. Bado. Hapo hapo! Sasa tunaona meza. Ila usijali, una kidevu kizuri."

Tangu siku hiyo Mi-ok alikuwa akiingia chumbani anatafuta kwanza mikono ya Figili. Ilikuwa myembamba, kucha zimetafunwa, plasta kwenye kidole cha kati ambapo kalamu ilimchubua, na chini ya dole gumba la kushoto alama nyeusi ya kuzaliwa nayo, kubwa kama punje ya pilipili manga.

Figili ndiye aliyemfundisha kusimamisha video ya mwalimu na kuirudisha pale alipopotea, kutengeneza kadi za maswali ndani ya simu, na kuuliza kwenye ukurasa ambako waliokwisha kufaulu huwajibu wanaohangaika. Mi-ok aliuliza huko kwa namna yake: "Hii mada ya vimeng'enya, aliyeibuni alikuwa amekasirishwa na nani?" Walimcheka, lakini mama mmoja mstaafu wa Daegu alimwandikia maelezo marefu mazuri, na mpaka leo wanasalimiana.

Na Figili naye alikuwa na maswali yake. Aliyajua majedwali yote ya lishe kwa moyo, ila hakuwahi kumpikia mtu.

"Kitabu kinasema spinachi ikichemshwa inapungua. Inapungua kiasi gani?"

"Unatia kilima, unatoa ngumi," Mi-ok alimjibu. "Wewe unakula nini huko?"

"Wali wa pembetatu wa dukani."

"Na jana?"

"Wali wa pembetatu. Wa tuna."

"Mtaalamu wa lishe gani anakula hivyo?"

"Ambaye hajafaulu, mama mdogo."

Hivyo ndivyo alivyoanza kumwita mama mdogo. Kidogo kidogo, kwenye mapumziko, mengine yakatoka. Figili aliishi peke yake kwenye kijichumba cha kukodi, kitanda na meza na ukuta. Mtihani huu alikuwa ameshaufeli mara mbili, ya pili kwa alama za kutia uchungu. Baba yake alimwambia ajaribu mara ya mwisho, kisha arudi nyumbani akamsaidie kwenye karakana ya vioo vya magari. "Na mimi vioo vya magari sivipendi," aliandika, akaweka picha ya sungura anayelia.

Wiki ya mtihani, Mi-ok alikuwa sokoni akichagua chaza simu ilipomwonyesha kijikeki kando ya jina la Figili. Siku yake ya kuzaliwa! Mi-ok hakuwa mtu wa kufikiria mara mbili. Alifungua duka la zawadi humo humo ndani ya simu, na zawadi ya kwanza kabisa ilikuwa ile ambayo kwao kila mtu hunywa siku yake ya kuzaliwa: supu ya mwani na nyama ya ng'ombe, tayari kwenye bakuli, unaichukua duka lililo karibu nawe. Akabonyeza. Akaandika: "Heri ya kuzaliwa, mwanangu. Kunywa yote, usibakishe hata tone. Mama mdogo." Akarudi kwenye chaza wake.

Nyumbani alijigamba. Sae-rom, aliyekuwa akimenya chenza, mikono ikasimama.

"Mama. Mtihani ni lini?"

"Jumamosi. Si unajua?"

"Na umempa nini?"

"Supu ya mwani," alisema Mi-ok, na hapo hapo akajishika kichwa.

Mwani unateleza, na anayekunywa supu yake kabla ya mtihani huteleza nao. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Kabla ya mtihani unampa mtu peremende ya kunata, anate kwenye ushindi. Mwani humwekei hata mezani.

"Wakati wa mtihani wangu wa kuingia chuo ulimrudisha bibi mlangoni na mwani wake!" Sae-rom alisema. "Bibi! Mama yake baba! Katoka Mokpo na basi!"

"Najua nilichofanya."

"Na 'usibakishe hata tone'! Mama jamani!"

"Nitaufuta ujumbe."

"Namba moja bado ipo?"

Mi-ok alitazama. Ile namba moja ndogo ya njano ambayo hukaa kando ya ujumbe mpaka usomwe, haikuwepo. Figili alikwisha soma. Hakuwa amejibu.

Kesho yake alfajiri, mahali pa kidirisha cha Figili palikuwa na mikono ya mtu mwingine. Mi-ok aliandika, "Mwanangu, nisamehe ile supu, nilikuwa sokoni, akili haikuwepo." Ile moja ikabaki pale pale, njano, haifutiki. Alfajiri iliyofuata, vivyo hivyo. Alijaribu kusoma habari za madini ya chuma mwilini na hakuelewa neno. Alichokiona ni binti asiye na sura akiteremsha vitabu vyake kwenye boksi, na karakana ya vioo, na yeye Mi-ok ndiye aliyemsukuma kwa kijiko.

Alimwandikia Paka Mvivu faraghani. "Figili yuko wapi?"

"Watu huacha," Paka Mvivu alijibu. "Kila mwaka wiki hii kuna wanaoacha. Sheria ya chumba hairuhusu kufuatana."

"Huyo hajaacha. Mimi ndiye nimemtelezesha."

"Sheria ni sheria, Sufuria."

"Aliyeitunga hajawahi kulea mtoto."

Mi-ok alidhani amefukuzwa. Kisha maneno yakaingia: "Mimi sikwambii kitu. Ila si kila aliyezima kamera ametoka chumbani. Majina yote nayaona mimi peke yangu."

Ijumaa, siku ya mwisho ya chumba, Mi-ok aliamka mapema kuliko kawaida, na hakutoa kitabu. Aliroweka mwani mpaka ukafura, akakaanga nyama kwa mafuta ya ufuta, akatia mwani, akamwaga maji, akaacha vichemke. Harufu ikamtoa Sae-rom kitandani.

"Mama, hiyo ni nini? Mama! Na wewe una mtihani kesho!"

"Najua."

"Umechanganyikiwa?"

"Sogea, unaniziba mwanga."

Akaweka bakuli mezani, mbele ya kamera, mahali pa kitabu. Kijiko kando. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika chumba kile. Akawasha sauti.

"Habari za asubuhi," alisema. Kwenye vijidirisha kalamu zikasimama, moja ikaanguka. "Mimi ni Sufuria. Najua hairuhusiwi, nitasema upesi. Figili, kama uko humo umezima kamera, sikiliza. Mimi ndiye niliyekutumia supu ya mwani wiki ya mtihani. Siwezi kuirudisha. Lakini naweza kuinywa na mimi. Kama mwani unatelezesha, basi tuteleze wawili, nikuone unavyoanguka na wewe unione. Na kama hautelezeshi, kesho nikukute mlangoni. Mimi nafanyia Jeonju. Nimemaliza."

Akainua kijiko, akaanza kunywa.

Kidole kinene cha Paka Mvivu kilikuwa juu ya kioo chake, tayari kumnyamazisha. Kilikaa hapo hapo. Mi-ok alikunywa mpaka bakuli likawa tupu, akalionyesha kwenye kamera kama watoto wa shule wanavyoonyesha sahani zao, akajaza tena. Nyuma yake Sae-rom alikuwa amejifunika uso kwa mikono. "Siangalii," alikuwa akinong'ona, "siangalii."

Bakuli la pili lilikuwa linakaribia mwisho kidirisha kilipofunguka chini pembeni. Meza. Hakuna kitabu. Bakuli la plastiki la supu ya dukani, limeoshwa vizuri, limesimamishiwa kalamu ndani yake. Na mikono, na ile punje ya pilipili manga chini ya dole gumba.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mtu aliyekaa siku kadhaa bila kuzungumza na yeyote. "Nilikunywa yote, mama mdogo."

"Naona. Ilikuwaje?"

"Tamu. Nilikuwa sijanywa ya kuzaliwa tangu nihamie huku." Mikono ikashikana. "Kisha nikafurahi. Nikasema, sasa nikifeli ninacho cha kulaumu. Nikafunga kitabu, nikalala. Sijalala vizuri hivyo mwaka mzima."

"Kwa hiyo ulipanga kunilaumu mimi?"

"Nilipanga kuilaumu supu."

"Supu nimeipika mimi leo, na nimekunywa nyingi kuliko wewe. Sasa sikiliza. Kesho mimi nikifaulu na mwani wangu tumboni, na wewe umekaa chumbani, utamlaumu nani? Wali wa pembetatu?"

Mtu mmoja alicheka, kumbe na yeye alikuwa amewasha sauti. Akafuata mwingine. Chumba ambacho hakikuwahi kutoa hata mlio wa kiti kilijaa vicheko vya watu waliokuwa hawajawahi kusikiana.

"Jeonju nafanyia na mimi. Na nikifeli tena?" Figili aliuliza vicheko vilipopungua.

"Utakuwa umefeli. Mimi sijui cha kukudanganya. Lakini utakuwa umefeli ukiwa umekaa kwenye kiti cha mtihani, na baada ya hapo unakuja kwangu kula chakula cha maana. Haya, kitabu kiko wapi?"

Mikono ikatoweka kidogo. Ilirudi na kitabu, kona zake zimekunjwa kwa kusomwa. Wakati huo huo ujumbe ukatokea mbele ya wote.

"Sufuria, funika. Tunasoma."

Sauti zikazimwa. Kurasa zikafunuliwa.

Jumamosi Mi-ok alifika Jeonju kabla geti la shule ya mtihani halijafunguliwa. Watu walijaa, mvuke unawatoka mdomoni, viganja vimefumbata vifuko vya kupashia joto. Mikono yote ilikuwa ndani ya glavu au mifukoni, na hapo ndipo Mi-ok alipoona ujinga wake: katika umati huu hamjui mtu hata mmoja. Alipita katikati yao akiinama kutazama mikono, watu wakidhani ameangusha kitu.

"Mama mdogo?"

Aligeuka. Alikuwa msichana mrefu, kumpita Sae-rom kwa kichwa kizima, pua nyekundu kwa baridi, skafu imepanda hadi masikioni. Mi-ok hakuamini mpaka alipomshika mkono wa kushoto, akamvua glavu bila kuomba ruhusa, akaiona alama.

"Umenijuaje?" aliuliza.

"Kidevu," alisema Figili. "Nilikitazama siku ya kwanza, sikukisahau."

Mi-ok akamrudishia glavu yake, akatia mkono mfukoni, akatoa peremende mbili za kunata zilizofungwa karatasi.

"Tafuna hii."

"Si ulisema jana supu haitelezeshi?"

"Sikusema haitelezeshi. Nilisema kama. Fungua mdomo."

Figili akafungua mdomo. Geti nalo likafunguliwa, wakaingia wakitafuna, meno yameshikana, hakuna aliyeweza kusema neno.