Mshindi wa Ulaya Afika Saboti

Wangila alikuwa mwalimu wa kilimo pale Mabanga, mtu wa kuwaonya wakulima wasinunue mbegu kwa kutazama pakiti. Yeye mwenyewe sasa! Kisa kibandiko kwenye kioo cha gari la mtumba: Gari Bora la Mwaka. Muuzaji mmoja wa magari wa Kitale alimweleza jinsi waandishi wa habari wa Ulaya walivyoanza kura hizo miaka ya sitini, wakichagua gari moja kila mwaka, na jinsi mshindi anavyopandishwa bei hata huku kwetu akishazeeka. Wangila akaingia mzimamzima, akalinunua gari hilo. Hakuuliza kama kuna mwamuzi hata mmoja aliyewahi kupita Saboti mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zimepamba moto.

Na Saboti ndiko alikokuwa akienda, kujitambulisha kwa wazazi wa Nasike, msichana aliyempenda hadi chakula kikamshinda. Wakimkataa, basi tena.

Hatua hamsini kutoka langoni, mshindi wa Ulaya akalalia tumbo kwenye matope. Watu wa boma wakatoka kusukuma, bila kujua nani yumo. Wangila, bwana mkubwa, akabaki ndani na suti yake, akakanyaga mafuta. Gari halikusogea, ila nyuma mtu alipiga yowe. Akatazama kwenye kioo, akamwona mama mwenye gauni la kanisa, matope kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatuni. Ni Phelista, mamake Nasike. Mama mkwe, bana, ambaye kwa Wabukusu hupaswi hata kumpa mkono.

Alitamani ardhi immeze, lakini ilikuwa bado inashughulika na gari. Akashuka, macho chini, akavua koti na viatu, akamwomba Nasike, aliyekuja mbio kutoka nyumbani, ashike usukani. Akaweka bega nyuma. Nasike, sijui ni makusudi, akakanyaga mafuta kumshinda. Matope yakamjaa hadi mdomoni.

"Mzee," akamwambia Wekoye, babake Nasike, huku akitema, "mimi nimesomea udongo. Nina diploma."

Wekoye akauma midomo asicheke. Lakini neno la mwisho lilikuwa la Phelista, naye alishajificha nyuma ya ua, kama mila inavyotaka. Wangila aliogopa kweli. Kisha sauti ikatoka kule, ikimwelekea Nasike.

"Mwambie huyo arudi na wazee wake, na ng'ombe wa mahari. Hilo gari aliache kwao, ng'ombe wasije wakafika wamechoka kulivuta."