Kama Yupo Anayepinga

LaRue Peay alipoitwa kuwaongoza wasichana wa kata, yaani usharika wao wa kanisa, jambo la kwanza alilofanya ni kuacha kuleta keki.

Aliyemtangulia, Colette Winder, hakuwa mvivu hata kidogo. Kila Jumatano jioni wasichana walikuta meza imetandikwa kanisani, maua ya karatasi, peremende ndani ya vikombe vilivyoandikwa majina yao, na ratiba iliyoanza na sala na kuishia na sala. Walikula, wakachezea simu chini ya meza, wakaenda zao. Saa hizo hizo wavulana walikuwa korongoni wakipanda miamba.

LaRue alikuwa mjane, dereva wa basi la shule. Miaka mingi aliwasikia wasichana hawa hawa nyuma yake wakipanga mambo, wakigombana, wakiamuana. Hakuelewa kwa nini wakiingia kanisani wanageuka wageni wanaosubiri kuandaliwa.

Jumatano yake ya kwanza aliketi kiti cha nyuma, akatoa sindano, akaanza kufuma soksi.

"Dada Peay, leo tunafanya nini?" akauliza Tavia Lundquist. Tavia alikuwa na miaka kumi na sita, na kwa cheo ndiye rais wa darasa, ingawa mpaka siku ile kazi yake ilikuwa kusoma matangazo aliyoandikiwa na wakubwa.

"Sijui. Rais ni nani?"

"Mimi, lakini..."

"Basi swali limemfikia mwenyewe."

Wakakaa kimya mpaka saa ya kwenda nyumbani. Wiki iliyofuata wengi hawakuja. Akina mama wakaanza kupiga simu. "Wanangu wanakaa tu, LaRue! Hilo ni kanisa au kituo cha basi?" LaRue akajibu kwamba hata kituoni watu huzungumza.

Wiki ya tatu walikuja na hasira, na hasira ikawafungua midomo. Oaklee, mdogo wao, akasema yeye amechoka kupamba vitu. Mwingine akasema kule juu ya mfereji Bibi Norda Quist amefiwa na mumewe, kondoo wanaanza kuzaa, naye yuko peke yake. Norda hakuwa amekanyaga kanisani tangu ugomvi wa maji ya mfereji, ugomvi ambao wengi wa waliohusika walishazikwa.

"Twende tukamsaidie," Tavia akasema, kisha akageuka kumtazama LaRue, akisubiri ruhusa. LaRue akaendelea kufuma. Basi wakaenda.

Norda aliwapokea langoni na mkono kiunoni. "Askofu amewatuma mnirudishe kundini?"

"Askofu hajui kama tuko hapa," Tavia akajibu.

"Ah! Basi piteni. Lakini hivyo viatu vya sherehe vueni."

Kabla theluji haijayeyuka walikuwa wanajua kumgeuza mwanakondoo aliyekaa vibaya tumboni, kumpangusa kwa nyasi kavu, kumnywesha chupa aliyekataliwa na mama yake. Tavia alipanga zamu. Waliokata tamaa wakarudi, na wakaja hata wawili ambao hawakuwahi kuonekana Jumatano yoyote. Walirudi nyumbani wananuka, wakibishana njia nzima.

Ndipo askofu akaja nyumbani kwa LaRue. Huyo askofu, Thayne Jorgensen, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada LaRue," alianza, kofia mkononi.

"Hiyo 'Dada' ni ya kanisani au ya nyumbani? Nijue kama nikupe kiti au kofi."

"Ya kanisani."

"Basi keti, Askofu."

Akaketi. Alitaka wasichana waje Jumamosi kwenye tamasha la vijana wa bonde zima: msemaji kutoka Salt Lake, makao makuu ya kanisa, fulana za rangi moja, kila kata na safu yake. Alisikia wamekataa, eti kondoo hawasubiri.

"Kata yetu itaonekanaje, LaRue?"

"Itaonekana na viti vitupu."

"Kazi yako ni kuwaongoza."

"Kitabu cha maagizo unacho kama mimi. Kinasema vijana ndio waongoze. Sisi tunawaandikia mpaka sala!"

"Na wakikosea?"

"Watakosea. Wewe si uliipindua trekta ya Baba? Kesho yake alikupa ufunguo tena."

Masikio ya Thayne yakawa mekundu. "Itabidi nikupumzishe na wito huu."

"Nipumzishe. Ila kuwaamuru waje, simo. Kawaamuru mwenyewe, bandani, mbele ya kondoo."

Hakwenda. Jumamosi safu yao ilibaki wazi. Jumapili Thayne akasimama mimbarani, akamshukuru Dada Peay kwa utumishi wake, kisha akalitaja jina la Colette Winder kushika nafasi yake, waumini wamuunge kwa kuinua mkono. Mikono ya kuunga ikainuka kama kawaida.

"Kama yupo anayepinga, aonyeshe kwa ishara hiyo hiyo," akasema upesi, macho yameshashuka kwenye karatasi, maana hakuwahi kuona mtu akilijibu swali lile.

Tavia akainua mkono.

Kisha Oaklee. Mama yake akauvuta chini, naye akainua wa pili. Benchi baada ya benchi mikono ya wasichana ikasimama. LaRue hakuwa amewaambia neno. Aliwaogopea, na papo hapo akawajivunia.

Wanaopinga husikilizwa faraghani. Baada ya ibada wakaingia ofisini, pamoja na Colette. LaRue akabaki kwenye ushoroba. Mlango ulikuwa mwembamba, akasikia yote.

"Dada Winder amewakosea nini?" Thayne akauliza.

"Hajatukosea." Ilikuwa sauti ya Tavia. "Tunampenda. Tunachopinga ni kulelewa kama vichanga. Askofu, uliniwekea mikono kichwani ukasema nimepewa mamlaka ya kuliongoza darasa hili. Ulimaanisha, au yalikuwa maneno ya shughuli tu?"

Colette akasema kwa uchungu, "Nilidhani mnavipenda vile vikombe."

"Vilikuwa vizuri," Oaklee akasema. "Lakini hukutuuliza."

"Nitalifikiria jambo hili," Thayne akasema.

"Fikiria, Askofu. Jumatano tuko kwa Bibi Norda."

Colette hakuondolewa. Jumatano alifika bandani amevaa mabuti ya mumewe, uso umekunjamana, akapangiwa zamu na Tavia. LaRue naye alikuja, sasa jirani tu asiye na wito, akatumwa maji na Oaklee. Jioni ilipoingia, Thayne akatokea mlangoni, akasimama pale akitazama.

"Askofu, huyu anazaa pacha na baridi inaingia," Tavia akasema bila kuinua kichwa. "Ingia ushike taa, au utoke tufunge."

Thayne akasita kidogo. Kisha akaingia, akaurudisha mlango.