Shule Ilivyoshtakiwa Barazani kwa Nana

Mkwe wangu Anokye, muuza vipuri vya pikipiki, alikuwa na kauli moja tu kuhusu ule mtihani mpya wa serikali wa darasa la nne: Dufie akifeli, anakwenda Kumasi kwa shangazi yake kuuza vitambaa. Dufie ni mjukuu wangu. Ana akili za kutosha kunidanganya mimi, na hapa mjini wanaoweza hilo si wengi, lakini yeye na hesabu hawapikiki chungu kimoja. Binti yangu, mama yake, akiulizwa anasema, "Baba yake ndiye mlipaji wa ada." Basi nikaona kazi imeniangukia.

Bi Tiwaa, mwalimu mkuu, aliwaita wazazi shuleni awaeleze. Alitundika chati, wazazi wakasinzia. Akawaita tena, safari hii na soda. Wakanywa soda kwanza, ndipo wakasinzia.

"Mtihani huu hauna kufeli," alisema.

Hapo Anokye akafumbua jicho. "Mwalimu, mtihani usio na kufeli ni pikipiki isiyo na magurudumu. Unatupeleka wapi?"

Watu walicheka mpaka mkutano ukaisha.

Nikamfuata Bi Tiwaa nyumbani kwake, nikamkuta anatwanga fufu ya mihogo kwa hasira. Nikamwambia, "Mwanangu, hawa hawasikii kwa chati. Peleka maneno yako barazani kwa Nana. Yakitoka kinywani mwa msemaji wake, hata Anokye atayaamini."

Nana Ofosu ndiye chifu wetu, na kwa Nana huendi ukasema tu. Unamwambia Msemaji Gyamera, naye anamfikishia Nana, akiwa amelivika neno lako nguo za sikukuu. Nana amekaa hapo hapo, mkono ukinyooshwa unamgusa, na masikio yake hayana ugonjwa. Lakini anatazama mbele kama hajasikia kitu, mpaka msemaji aseme. Na msemaji akishasema, ndivyo ulivyosema.

Siku ya baraza wazazi wote walikuja, na hakuna aliyesinzia, maana ukisinzia mbele ya Nana unatoa kondoo.

Bi Tiwaa alianza vizuri. "Mtihani huu haumhukumu mtoto. Unaipima shule, kuona inafundisha vipi."

Gyamera akasafisha koo. "Nana, mti mkubwa unaotupa kivuli, mwalimu anasema shule imeshtakiwa. Imekuja kulaza shingo yake mbele yako."

"Mimi sikusema—"

"Na anasema hana la kupinga."

Nana akafikiri. "Nani ameishtaki?"

"Hakuna aliyeishtaki," Bi Tiwaa akasema. "Serikali inataka tu kujua."

"Serikali, Nana," akasema Gyamera.

"Na mashahidi?"

Bi Tiwaa akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta kiatu changu. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Watakaojibu maswali ni watoto wa darasa la nne."

"Watoto wa darasa la nne, Nana, wenye macho ya kware na ndimi zisizojua uongo."

Niliwaangalia wazazi. Kwa mara ya kwanza nyuso zao zilikuwa na mwanga. Kesi wanaijua.

Anokye akasimama. "Msemaji, niulizie. Shahidi akishindwa kujibu?"

Nana hakungoja hata swali livishwe nguo. "Shahidi asiyejua kitu, kosa ni la aliyepaswa kumwonyesha."

Bi Tiwaa akanisogelea. "Kusema kweli," akaninong'oneza, "ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza."

Siku ya mtihani wazazi walifika na viti vyao, wamevaa nguo za barazani. Gyamera alikuja na fimbo yake yenye kichwa cha dhahabu, akataka kila mtoto aapishwe kabla ya kushika penseli. Msimamizi aliyetoka wilayani akamwambia, "Mzee, hapa watoto wanatia weusi kwenye viduara tu."

"Waapishwe, kisha watie weusi," akasema Gyamera.

Wakaapishwa. Dufie aliniambia baadaye kwamba baada ya kiapo aliona haya kubahatisha, kwa hiyo maswali ya hesabu asiyoyajua aliyaacha meupe. Karibu yote.

Matokeo yalipokuja, kusoma alikuwa juu kabisa. Kwenye hesabu alikuwa ngazi ya chini, ile ya watoto wa kusaidiwa. Jioni ile ile nilimkuta Anokye anafunga begi la mtoto.

"Anokye, si tuliambiwa hajafeli?"

"Hajafeli, mama. Ni shahidi, ametoa ushahidi, ameachiliwa. Dada yangu anamngoja kesho."

Dufie alikuwa ameketi mlangoni, amekumbatia viatu vya shule. Sikubishana na mkwe. Nilibeba bakuli la supu ya mbuzi nikaenda kwa Gyamera, nikakaa, nikangoja ashushe matonge matatu.

"Msemaji," nikamwuliza, "siku hizi shahidi anaondoka mjini kesi ikiwa haijakatwa?"

Tonge la nne lilibaki njiani.

Asubuhi tukaitwa wote barazani, Anokye akiwa bado na begi mkononi. Nana akauliza, "Shule ina hatia au haina?"

Bi Tiwaa alikuwa ameshajifunza. Alizungumza polepole. "Nana, tumeona tulipolegea katika hesabu. Tutawasaidia watoto hawa kila siku baada ya masomo. Kisha watapimwa tena wakiwa darasa la sita."

"Mshtakiwa anaomba muda, Nana," akasema Gyamera, "arekebishe mambo yake. Mpaka darasa la sita."

"Amepewa," akasema Nana. "Na mashahidi wasiguse barabara ya Kumasi mpaka hapo. Shahidi mwenye penseli akipotea, mwenye kumpoteza atatoa kondoo wawili."

Anokye akamsogelea msemaji. "Mzee, mwambie Nana dada yangu ameshasafisha chumba. Mwambie mtoto ni wangu, na mimi ndiye mlipaji. Mwambie huo ni mtihani tu."

Gyamera alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akamgeukia Nana.

"Nana, Anokye anashukuru. Anasema begi hili amelileta liwe la madaftari ya mtoto."