Sabato ya Kisanduku

"Ala! Tata, umekizima?"

Baba alikuwa ameshakifunika kisanduku changu kwa kitambaa cha meza. Jua la Ijumaa lilikuwa likizama nyuma ya mashamba ya chai ya Ekerenyo, na kwa mzee wangu Abner, Sabato ikiingia hata mashine hupumzika.

Nilitaka kupiga ukemi. Kisanduku kile nilikiunda mwenyewe, karakanani kwangu Kisii mjini, kimwambie Baba nani yuko mbele yake, anacheka au amenuna. Macho yamemwacha, naye anachukia kuuliza "wewe ni nani" nyumbani kwake mwenyewe. Ndani ya kisanduku mwanga hupita kwenye vijia vya kioo, vyembamba kuliko unywele, na huko kupita ndiko kufikiri kwake. Kisanduku cha kwanza kilihitaji vipasha-joto vidogo vya kuvishikilia vijia hivyo visipoteze mafunzo; vikala betri yote kabla ya chai ya saa nne. Nikavitoa. Nikapaka utando ambao, nilivyoamini, ungeshika mafunzo bila umeme wowote. Nilivyoamini! Sikuwa nimewahi kukizima nikaona. Na nyuso zote za boma, nilizokifundisha kwa taabu, zilikuwa kwenye utando huo tu.

"Kama kimesahau, mimi sirudii," nikafoka. "Nimechoka, Tata."

"Basi," akasema taratibu. "Nitazoea."

Afadhali angenigombeza. Neno hilo lilinichoma hadi nikashindwa kula.

Jumamosi ilipita kama usingizi wa mchana. Ukungu ulikaa mlangoni, nyimbo za kanisani zikapanda na kushuka mlimani, tukala ndizi zilizopikwa jana. Nilikaa kando ya kitambaa, mikono mapajani, nikiuwaza ule mwanga. Najua vizuri kwamba mwanga haukai. Lakini siku ile niliuona umeketi mle gizani, umekunja miguu, unangoja pamoja nasi. Sijui kama nililala. Hasira ilinitoka bila kuaga.

Jua lilipotua, Baba aliomba, akakivaa kisanduku shingoni, akabonyeza. Kijitaa chekundu kikawaka. Akanigeukia.

"Nyanchera," kikanitaja. Kisha, "Analia."

"Kinadanganya!" nikapiga kelele, nikijifuta kwa kiganja. "Kimeharibika hicho, lete nikizime!"

Baba akakifunika kwa mikono yake yote miwili.

"Hebu nyamaza," akasema. "Niache nikuone."